Kiti cha Mama Mkwe Huwekwa Wapi

Swali lililoninyima usingizi wiki tatu nzima lilikuwa hili: niweke hema moja au mawili?

Chekeni tu. Nilikuwa nimefunga mahema miaka saba, Kariobangi, Buruburu, Dandora na kwingineko, na kwa kawaida swali hilo hujibiwa na idadi ya wageni. Lakini safari hii sherehe ilikuwa ya kwetu. Dada yangu Nekesa alikuwa anaposwa rasmi na kijana anayeitwa Kimani. Mama alikuwa ameniambia kwamba pakiwa na hema moja, yeye hatatoka jikoni. Nekesa alikuwa ameniambia kwamba pakiwa na mahema mawili, yeye hatatoka chumbani. Na mwenye kufunga hema ni mimi.

Nitarudi hapo. Kwanza mnijue, ninyi mnaoanza kazi hii ya mahema na viti, hasa mliotoka chuoni na vyeti vyenu mmevitia kwenye bahasha ya kaki. Mimi nimestaafu. Nina miaka thelathini na moja. Daktari aliitazama picha ya mgongo wangu akaniuliza kama nimewahi kubeba magunia bandarini. Nikamwambia hapana, nilisomea mipango miji. Akanitazama, akaitazama tena picha, akasema niache kubeba chochote kizito kuliko mkoba. Kwa hiyo nawaachia haya machache, maana ninyi migongo yenu bado ni mizima.

Bosi wangu alikuwa Mama Shiru, mama mmoja wa Kariobangi mwenye stoo nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma. Siku niliyokwenda kumwomba kazi alikuwa amekaa juu ya rundo la maturubai akimenya njegere.

"Umesomea nini?"

"Mipango miji."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kupanga watu wakae wapi."

"Kai, basi umefika. Beba hivyo viti."

Nilidhani ni kazi ya kusukuma wiki mbili, nikingojea barua ya ofisini. Nilikuwa nachungulia simu kila baada ya kigingi. Mtu anayengojea barua hupiga kigingi vibaya: anakilaza upande usiofaa, na upepo wa saa tisa ukija hema linainuka kama sketi. Kichwa cha kigingi kiegemee mbali na hema. Andikeni hilo. Na palipo na lami, kama zile njia za ndani za Buruburu, msihangaike na vigingi. Tumieni mitungi ya maji, lita ishirini kila kamba, na msimruhusu mtu yeyote awaambie mfunge kwenye gari lake. Atasahau, ataondoka. Nimeliona hema likienda kununua mkate.

Viti navyo. Msipange viti vikiwa na maji, vitanyonyana na mtavitenganisha kwa magoti. Kiti chenye ufa kiwekwe juu kabisa ya rundo ili mkione kwanza. Halafu kuna suala la mtu mzito, ambalo chuoni hawafundishi. Mtu mzito anawekewa viti viwili, kimoja ndani ya kingine. Mwezi wangu wa pili niliona mke wa mchungaji fulani akikaribia, nikapiga hesabu ya haraka, nikamkimbilia na kiti cha pili mbele ya kanisa zima. Alikitazama. Akanitazama. Akasema, "Asante, kijana, nitasimama." Akasimama saa tatu, na kanisa zima likanitazama saa tatu hizo hizo. Mimi nililiwaza jambo hilo mwaka mzima, hata nikiwa naoga.

Mama Shiru alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanionyesha afanyavyo yeye: safu yote ya mbele anaiweka viti viwili viwili, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwembamba anadhani ni heshima. Mzito anakaa salama. Hakuna aliyetajwa.

Hapo ndipo nilianza kushuku kwamba kazi hii si ya viti.

Chukueni matanga. Jirani wa stoo yetu ya Kariobangi alifiwa, watu wa magharibi mwa Kenya kama sisi, na mimi kwa kuwa nilikuwa bado na chuo kichwani nilipanga viti kwa safu nane zilizonyooka, nikaacha njia katikati, nikapiga na picha. Nilipopita baadaye hakukuwa na safu hata moja. Wazee walikuwa wameviburuta viti wakafanya duara kuzunguka moto, akina mama duara lao upande wa jikoni, na safu moja iliyobaki walikuwa wameiweka mikoba. Wiki iliyofuata tukapata matanga mengine, familia ya kutoka Murang'a, nikajifanya nimejifunza, nikapanga duara. Katibu wa kamati akanijia na daftari mkononi. "Kijana, hapa tunakuja kuomba na kupanga mambo, hatuji kuota moto. Hii ni nini?" Nikarudisha safu, nikitokwa jasho, huku wimbo umeshaanza.

"Wewe unauliza wateja watu wangapi wanakuja," Mama Shiru aliniambia tukiwa kwenye lori. "Hilo hata mtoto atauliza. Uliza nani hasemezani na nani. Uliza nani hawezi kumpa nani mgongo. Uliza wazee wakila, nani asiwaone."

"Na wakikataa kusema?"

"Mtazame mama wa nyumba ukiweka kiti. Ukikiweka pabaya, atakohoa."

Tena kuna mambo ambayo hayahitaji viti kabisa, na hilo nalo ni ujuzi. Vijana wa muziki wa Dandora walituita kwa shoo yao, tukawapelekea viti vingi vizuri. Hakuna aliyekaa. Kiti kwa kijana wa Dandora ni kitu cha kupanda ili aone vizuri na aonekane vizuri. Tulirudi na miguu ya viti ndani ya gunia. Baada ya hapo tukawa tunapeleka viti vya akina mama tu, vichache, pembeni, chini ya hema dogo. Akina mama walikuwa wanakuja na kazi zao za kufuma, wanasikiliza watoto wao wakitukana serikali kwa vina, na wanapiga makofi mahali panapofaa.

Na siku hizi? Siku hizi kila kitu ni picha. Zamani, yaani miaka saba iliyopita, hema lilielekezwa mahali ambapo jua halitawapiga wazee. Sasa linaelekezwa mahali ambapo jua litampendeza mpiga picha, na wazee wanakaa wamekunja nyuso kama watu wanaosoma maandishi madogo. Wateja wananitumia picha za viti vya dhahabu vyenye utepe mgongoni. Sisemi ni vibaya. Nasema tu mzee wa Bungoma akikalia kiti chenye utepe, anauvuta taratibu mpaka unafunguka, na anautia mfukoni. Mbebe tepe za ziada.

Sasa turudi nyumbani.

Sisi ni Wabukusu, lakini mimi na Nekesa tumezaliwa na kulelewa Buruburu, katika nyumba ya Baba aliyestaafu reli. Kwa watu wetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakaribiani. Hawashikani mikono. Hawakai meza moja. Akipita hapa, yule anapita kule. Mimi nilikua nikiliona hilo kwa shangazi zangu, nikilichukulia kama hali ya hewa. Sikuwahi kumweleza mtu. Na hapo ndipo kosa lilipoanza, kwa sababu Nekesa pia hakumweleza Kimani.

Kimani ni Mkikuyu wa Dandora, fundi wa friji, kijana mpole anayevua viatu hata mahali ambapo hajaombwa. Mama yake alifariki Kimani akiwa shule ya msingi, akalelewa na shangazi. Siku ya kwanza alipokuja kwetu, Mama alitokea jikoni na sinia la chai, hakujua kama mgeni ameshaingia. Kimani akainuka, akafungua mikono yote miwili, akamkumbatia. Akamkumbatia kwa nguvu, na macho amefumba. "Mum," akasema, "nimefurahi kukuona."

Mama aliganda. Vikombe vililia kwenye sinia. Baba akafungua gazeti lake likamfunika uso wote. Kimani alipomwachia, Mama aliweka sinia sakafuni, akarudi jikoni, na hakutoka tena mpaka jioni.

Kimani alikuja mara nne nyingine. Mara zote nne Mama alikuwa jikoni mlango umefungwa, chakula kinaletwa na Nekesa, kingi mno, kuku mzima kwa mtu mmoja. Kimani alikuwa anakula huku akiutazama mlango.

"Ni ukabila tu," Nekesa aliniambia tukiwa nje. "Sema ukweli, Barasa. Angekuwa Wafula au Simiyu wa kwetu, mathe angetoka."

"Angekuwa Wafula asingemkumbatia."

"Sasa unamtetea?"

Mimi nikiulizwa swali huanza kuona pande zake zote, na nikimaliza kuziona, aliyeuliza ameshaondoka.

Nilimwendea Mama. Alikuwa anachambua mchele. "Papa," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "yule mtoto alinivua nguo mbele ya baba yako. Lakini sina ubaya naye. Ningekuwa simtaki ningekaa naye sebuleni kama ninavyokaa na yule wa kusoma mita ya maji. Mimi namficha uso kwa sababu ni mkwe wangu."

"Umwambie basi."

"Nimwambie vipi, na siruhusiwi kuongea naye?"

Nilimwuliza Baba. Baba akasema, "Mimi nilikuwa reli. Kila behewa na mahali pake." Nikamwuliza maana yake nini katika suala hili. Akasema, "Mwulize mama yako."

Ndipo Nekesa akaleta jambo lililokaza kamba zaidi. Siku ya sherehe Kimani atamletea Mama blanketi, kama wakwe wafanyavyo, na Nekesa anataka ampe mkononi, ndani ya hema moja, watu wote wakiona. "Akikataa mbele ya watu," alisema, "nitajua. Na Kimani atajua. Na baada ya hapo asinitafute." Mama alipopelekewa habari hizo alisema maneno machache: hema mbili, au jikoni.

Nilichora. Ndiyo elimu niliyo nayo. Nilichora ramani kumi na moja za ile njia ya mbele ya nyumba yetu. Hema moja la herufi L. Viti vyote vikitazama lango, kama kanisani, ili nyuso zisikutane. Kila ramani ilikuwa na mtu mmoja aliyebaki jikoni au chumbani. Nilimpelekea Mama Shiru stoo. Alizitandaza juu ya turubai, akazigeuza huku na huku.

"Hizi ni nzuri," akasema. "Mkwe anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba hili ni jambo."

Nikaanza kuzikunja ramani. Nilikuwa nimewauliza watu wote isipokuwa mtu ambaye kiti chake kilikuwa kinanisumbua.

Kesho yake, Alhamisi, nikampigia Kimani simu nikamwomba anisaidie kuosha viti. Alikuja na sabuni yake. Tulikuwa tumeosha rundo zima na bado sijaanza kusema, na yeye ndiye aliyeanza.

"Buda, niambie tu. Mathe wako hanitaki."

"Anakutaka sana. Ndiyo shida yenyewe."

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikarudi nyuma, nikatoa mifano ya shangazi zangu, nikasema "si kwamba, lakini pia si kwamba siyo" mara kadhaa. Alikuwa ameshika brashi, maji yanamdondokea viatuni.

"Ngoja," akasema. "Kwa hivyo ile siku nimemhagi..."

"Ndiyo."

"Mbele ya mzee?"

"Ndiyo."

"Manze!" Akakaa kwenye kiti chenye maji. Akajifunika uso. Nilidhani analia, kisha nikaona anacheka, kisha sikuwa na hakika. "Mimi nilidhani ninaonyesha heshima. Kwetu mzee kama shosho ukimsalimia kwa mbali anauliza kama amekukosea. Na zile kuku zote?"

"Zilikuwa salamu zake."

Akachovya brashi majini. "Nekesa anataka nimpe blanketi mkononi," akasema. "Nikimpa nitamwaibisha mathe. Nisipompa nitamwaibisha Nekesa. Sasa nifanye aje?"

"Sijui," nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki tatu kulisema neno hilo kwa sauti.

Jumamosi ya sherehe, asubuhi, nilifanya jambo nililodhani ni la akili. Nilifunga mahema mawili, nikayaleta ukingo kwa ukingo, nikaunganisha paa kwa turubai la mfereji, lile linalopitisha maji ya mvua katikati. Ukisimama juu ya ghorofa unaona hema moja. Ukikaa chini unaona mawili. Nilijipongeza kwa dakika kama tano hivi.

Nekesa akachungulia dirishani akiwa na vibanio nywele nzima. "Barasa, hizo ni mbili!"

Mama akachungulia mlango wa jikoni. "Barasa papa, hiyo ni moja!"

Wageni wakafika. Shangazi yake Kimani na wazee wao wakaimbiwa langoni, wakaimba nao, wakaingia, wakakaa. Kimani akakaa mbele, blanketi limekunjwa magotini. Nekesa alikuwa bado chumbani. Mama bado jikoni. Mshereheshaji akasimulia vichekesho, akavimaliza, akaanza kurudia. Kila mtu pale alikuwa ananitazama kana kwamba kuna kamba fulani nimesahau kuikaza. Na mimi nilikuwa nachora ramani ya kumi na mbili kichwani.

Nikaiacha. Nawaambia ninyi mnaoanza: nilisikia kabisa jinsi ninavyoiacha. Nilichukua kiti kimoja, cheupe, kisicho na utepe, nikakipeleka jikoni. Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo, amevaa gauni lake jipya na aproni juu yake. Mlango wa chumba cha Nekesa ulikuwa wazi, hatua mbili tu kutoka hapo, akatusikia.

"Mama," nikasema, "mimi sijui pa kukuweka. Nimejaribu. Chukua kiti, kiweke mwenyewe. Popote utakapokiweka ndipo pake, na atakayesema kitu aseme nami."

"Popote?"

"Hata juu ya paa."

"Na huyo aliyeko chumbani?"

"Huyo ana miguu yake," nikasema kwa sauti.

Mama alivua aproni. Akakibeba kiti mwenyewe, akitanguliza miguu ya kiti mbele kama mtu anayefukuza kuku, akatoka. Alipita upande wa mbali, akafika chini ya ule mfereji wa turubai, pale mahema mawili yanapokutana. Akakiweka kiti kiubavu, bega lake moja likiwaelekea akina Kimani na uso wake ukielekea ukuta wa jirani. Akakaa. Nikageuka nikamwona Nekesa mlangoni, nusu ya nywele imebanwa, nusu imesimama.

Kimani aliinuka na blanketi. Nilimwona akipima. Akachukua kiti alichokuwa amekikalia, akatembea nacho mpaka hatua kama sita kutoka kwa Mama, akakiweka chini. Akalitandika blanketi juu yake kwa mikono miwili, akalinyoosha mikunjo. Kisha akarudi kinyumenyume, bila kumtazama, akasimama kando ya shangazi yake.

Mama hakugeuza kichwa. Alinyoosha mkono, akaona haufiki, akainuka, akalichukua, akalivaa mabegani. Ilikuwa saa sita mchana na jua kali.

"Nekesa," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "mwambie mkwe wangu kwamba amekonda. Mwambie leo kuku ni wawili, na asipowamaliza nitajua."

"Mum, si yuko hapo, amekusikia!"

"Nimesema umwambie wewe."

Shangazi yake Kimani ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikapita chini ya mfereji hadi hema la pili. Nekesa akaja akasimama katikati. Akamgeukia Kimani. "Amesema umekonda," akasema.

"Mwambie nitakula," akasema Kimani.

Basi ikawa hivyo mchana kutwa, maneno yakipita kwa Nekesa. Wazee wa pande zote mbili wakavuta viti vyao ili wasikie vizuri, safu zangu zikaharibika kabisa, safu ya mbele ikawa ya nyuma. Mshereheshaji akanijia ananong'ona. "Fundi, mpiga picha analalamika. Nyoosha hizo safu kidogo, na huyo mama mwambie ageuke."

Miaka saba nilikuwa nimenyoosha safu. Mikono ilishaanza kwenda yenyewe.

"Hapana," nikamwambia. "Zikae hivyo hivyo."

Nikaenda nikakaa kwenye ngazi ya lori, na sikugusa kiti kingine siku hiyo.